Manamba wa Neukölln

Kazi yangu ni kusikiliza watu walio karibu zaidi na nyumbani kwetu kuliko mimi mwenyewe. Asubuhi nachemsha chai, navaa hedifoni, nafungua faili za sauti zilizotumwa usiku kutoka Kibondo. Ni sauti za wakimbizi wa Burundi walioko kambi ya Nduta, na wiki nyingine za kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Nasikiliza Kirundi, naandika Kiswahili na Kiingereza, kisha natuma kwa wahariri ambao wengi wao sijawahi kukutana nao ana kwa ana. Mimi niko Neukölln, Berlin, ghorofa ya nne, nyumba isiyo na lifti. Mama yangu yuko Kasulu. Kutoka kwake mpaka Nyarugusu ni safari ambayo bodaboda anaikubali baada ya kubishana bei kidogo tu.

Watu wakisikia "anafanya kazi kwa mtandao, yuko Ujerumani", wanapata picha ya kijana aliyeweka kompyuta mezani kwenye mgahawa, pembeni kuna kahawa iliyochorwa ua juu ya povu. Mgahawa wa namna hiyo upo, hapo hapo chini ya nyumba yetu, na kahawa yake nikiigeuza kwa shilingi hamu inakatika. Lakini mimi nafanyia kazi jikoni, mlango umefungwa. Anayeongea kwenye hedifoni ameniamini, au tuseme amemwamini mwenzangu wa Kibondo aliyeshika kinasa sauti, na sina haki ya kumpeleka mgahawani.

Kilichonipa kazi hii ni Kiha. Shahada ninayo, miaka ya magazetini Dar es Salaam ninayo, lakini waandishi wenye hivyo viwili ni wengi. Wanaoweza kusikiliza mzee wa Ruyigi akilalamika kwa mafumbo, wakajua hapa anatania na hapa analia, ni wachache. Mha na Mrundi wakikaa pamoja hawahitaji mkalimani, kila mmoja anacheka kidogo matamshi ya mwenzake na maongezi yanaendelea.

Nasema hivi kwa sababu lugha hiyo hiyo iliwahi kuniponza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naenda shule kidato cha tano, basi letu likasimamishwa kwenye kizuizi. Tulishushwa watu sita. Nikaulizwa babu alizaliwa wapi, na baba wa babu, na nani mwenyeji wa kule anayeweza kunithibitisha. Ukitokea Kigoma unajua maswali haya, na unajua namna ya kusimama unapoyajibu: mikono mahali inapoonekana, Kiswahili kilichonyooka kuliko cha anayekuuliza. Mama mmoja aliyeteleza akajibu simu kwa Kiha alibaki pale pale. Basi likaondoka bila yeye. Leo Kiha hicho kinalipa kodi ya nyumba Berlin, na sijui niwaze nini juu ya hilo, zaidi ya kwamba siku hizi mama akipiga simu naongea naye kwa sauti kubwa hata nikiwa ndani ya treni.

Ukisikiliza sauti za mahali unapopajua, unapata vitu ambavyo mhariri hakuagiza. Nasikia mvua ikianza kwenye maturubai kabla msimuliaji hajaitaja, nasikia mchi kwenye kinu. Juzi kulikuwa na kelele ya lori likipandisha mlima kwa gia ya kwanza, na kwa jinsi lilivyokohoa nikajua limebeba kuni au maharage, si watu. Mimi nilikua na malori hayo. Nilikuwa mdogo Burundi ilipochafuka mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, na nilikuwa bado mdogo mwaka 1996 Nyarugusu ilipofunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Kwa mtoto wa Kasulu, vita vya nchi jirani vilikuwa ni vumbi jekundu juu ya migomba ya barabarani, magari meupe, na unga wa njano ukiuzwa sokoni kwa bei ambayo akina mama walikuwa wanaijua kabla ya redio kusema lolote. Mwaka 2012 kambi ya Mtabila ikafungwa. Mwaka 2015 wakaja wengine, na wengi wao walikuwa wale wale, au watoto wa wale wale.

Kuna jambo la saa nalo. Wakati wa baridi, Berlin iko nyuma ya Kasulu kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja, kwa sababu huku Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba watu wanaamka na kukuta saa zimesogezwa. Nilipomweleza mama alifikiri namtania. Lakini kwetu nako saa si ya kuaminika sana: Tanzania nzima inafuata saa moja, wakati jua linatokea pwani na kutufikia sisi wa Kigoma limechelewa, kwa hiyo kuna miezi ambayo saa moja kasoro asubuhi bado ni gizagiza Kasulu na Dar watu wameshakunywa chai. Ukivuka mpaka kuingia Burundi, saa inarudi nyuma moja. Maana yake, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba, saa ya ukutani jikoni kwangu inalingana kabisa na ya Bujumbura. Wapo wazee wa Nduta ambao, wakisimulia, wanataja muda kwa saa ya Burundi, hata baada ya miaka karibu kumi kambini. Majira ya joto sihitaji kupiga hesabu. Tunaangalia saa moja, wao na mimi, na hakuna kati yetu aliyeko kwenye nchi ya saa hiyo.

Babu yangu mzaa baba naye alifanya kazi mbali. Alikuwa manamba. Kwa msomaji asiyejua: neno lenyewe linatokana na namba, kwa sababu mtu akiandikishwa kwenda kukata mkonge alipewa namba, na wenye shamba walimjua kwa hiyo. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua mwaka 1944, ikaitwa SILABU, na Buha ilikuwa moja ya sehemu walizozitegemea sana. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu haikuwepo. Basi vijana wakaenda. Babu alikwenda miaka ya hamsini: kwa miguu na lori mpaka Kigoma, treni siku kadhaa mpaka Morogoro, lori tena mpaka Tanga. Alikuwa na kipande, kadi yenye visanduku thelathini. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, kisanduku kimoja kinatiwa alama. Ukiugua, hakitiwi. Thelathini vikijaa ndipo unalipwa mwezi, hata kama kuvijaza kumekuchukua mwezi na nusu.

Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Nilipokuwa shuleni habari hii ilikuwa swali la mtihani. Sasa nikiisoma namfikiria babu, ambaye hakuwahi kumwona Mjerumani yeyote lakini mgongo wake ulipinda kwa ajili ya miche sitini na mbili.

Nina kipande changu. Ni jedwali kwenye mtandao. Kila dakika ya sauti niliyoiandika naijaza, mstari kwa mstari, na mwisho wa mwezi mtu mahali fulani anahesabu. Nikiugua, mstari unabaki mtupu. Sitaki kujifananisha na babu kupita kiasi; mimi nina kiti, nina jiko la umeme, nina bima ya afya ambayo huku ni lazima kwa sheria. Tofauti iliyonishangaza ni nyingine kabisa. Babu alihamisha mwili wake kwenda kwenye kazi na akaacha masikio nyumbani. Alikuwa akisubiri mtu wa kwao ashuke na treni ili apate habari za mazishi ya mwaka uliopita. Mimi mwili uko Berlin na kazi ndiyo iliyobaki Kasulu. Habari za mazishi nazipata kabla maturubai hayajafungwa. Ninachokosa ni kubeba jeneza.

Niliwahi kumweleza haya bibi wa ghorofa ya pili, Mturuki, kwa Kijerumani changu cha kuombea maji. Alicheka akaingia ndani, akarudi na picha ya mumewe marehemu. Ujerumani Magharibi na Uturuki walisaini mkataba wa kuleta vibarua tarehe 30 Oktoba 1961, na wakati ule ofisi ya Wajerumani ilikuwa Istanbul, madaktari wakiwakagua wanaume kwa makundi, meno, mapafu, mikono. Mumewe alikaguliwa hivyo. Alikuja kwa miaka miwili tu. Ndivyo mpango ulivyokuwa: miaka miwili, kisha urudi, aje mwingine. Bibi alimfuata baadaye, wakazaa wanne, na akazikwa kijijini kwao huko Anatolia kwa fedha za chama cha kuzikana walichokuwa wakichangia kila mwaka. Nikamwambia hata sisi tuna vyama vya kuzikana. Akauliza wewe umejiunga na kipi, cha huku au cha kule. Sikuwa na jibu, akaniangalia kama mama anavyomwangalia mtoto aliyetoka bila sweta. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu, kwa Kijerumani, na mimi namwamkia kwa kuinama kidogo, ingawa hakuna aliyenifundisha kwamba Waturuki wanaamkiwa hivyo.

Mtaa huu una tabia ya kubadilisha majina. Neukölln yenyewe ilikuwa ikiitwa Rixdorf, na mwaka 1912 wakaubadilisha jina kwa sababu lile la zamani lilikuwa limechafuka, lilinuka ulevi na fujo. Sehemu ya kale ya Rixdorf ilijengwa na wakimbizi. Mwaka 1737 Waprotestanti waliokimbia Bohemia walipewa na mfalme wa Prussia ardhi ya kujenga na kulima, na nyumba zao kadhaa bado zipo karibu na uwanja wa Richardplatz, na mfalme ana sanamu yake pale, wajukuu wa wakimbizi waliisimamisha kumshukuru. Kila nikipita pale nawaza Warundi wa mwaka 1972. Nao Tanzania iliwapa ardhi, Katumba, Mishamo, Ulyankulu, wakalima mpaka wakawa wanalisha mikoa, na mwaka 2014 watu zaidi ya laki moja na nusu kati yao wakapewa uraia. Kwa hiyo si kwamba sisi hatujui namna ya kufanya. Waliokuja baadaye, ndio hao ninaowasikiliza, hawana shamba wala ruhusa ya kutoka kambini bila kibali.

Nyumba tano sita kutoka Hermannplatz kuna mtaa uliokuwa ukiitwa Wissmannstraße. Hermann von Wissmann ndiye aliyetumwa na Bismarck kuvunja upinzani wa pwani yetu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889 chini ya amri yake. Aprili 2021 kibao kikashushwa, na sasa mtaa unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wa Moshi, mbunge na mmoja wa wanawake wa kwanza serikalini Tanganyika ilipopata uhuru. Niliwahi kusimama chini ya kibao hicho nikamwonyesha mama kwa video. Akasoma jina polepole. Akauliza, "Wanaoishi hapo wanamjua?" Nikamwambia wapo wanaomjua, chini ya kibao kuna maelezo madogo. Akasema, "Basi na wewe wafundishe kulitamka," kisha akahamia kwenye habari ya bati za jikoni zinazovuja.

Mbele kidogo ni Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008. Sasa ni bustani, watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege, na jioni za joto nami hutembea pale kunyoosha mgongo. Mwishoni mwa Oktoba 2015 mabanda ya ndege ya pale yaligeuzwa makazi ya dharura ya wakimbizi, wengi kutoka Syria, Iraq na Afghanistan. Mwezi ule ule wa Oktoba 2015, Nduta ikafunguliwa upya kwa Warundi. Nilikuwa Kibondo wakati huo, naripoti. Nilihesabu mabasi yakishusha watu, mpaka nikaacha kuhesabu. Sikujua kama kuna mahali panaitwa Tempelhof.

Kibali changu cha kukaa hapa ni cha mwandishi wa kujitegemea. Kila kinapokaribia kwisha napeleka mikataba kuonyesha kwamba kazi ipo na fedha inaingia. Karatasi iliyo na uzito kuliko zote kwenye bahasha ni huu mkataba wa Nduta na Nyarugusu. Yaani mimi naruhusiwa kukaa Ulaya kwa sababu kuna watu Kibondo wasioruhusiwa kufika sokoni Kibondo. Afisa aliyepokea bahasha mara ya mwisho aliisoma, akaniuliza kwa upole kama ninadhani mradi utaendelea miaka miwili ijayo. Nikasema ndiyo, nadhani. Alifurahi kwa niaba yangu, akagonga muhuri.

Sasa nije kwenye neno moja, ambalo ndilo limenifanya niandike yote haya.

Mwaka jana nilikuwa na msimuliaji, mama mmoja wa Nduta, makamo, mwenye sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyeimba kwaya miaka mingi. Sitasema zaidi ya hapo. Nilimsikiliza kwa miezi mitano. Hatukuwahi kuongea moja kwa moja, ila alijua kuna mtu mbali anayeandika maneno yake, na mwenzangu alipomwambia mtu huyo ni Mha wa Kasulu, akaanza kunisalimu mwanzoni mwa kila faili. "Mwakeye, mwananje." Kisha anaendelea na habari zake: mgao, paa, mtoto wa kaka yake, mipango ya kurudi.

Tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejeshwa kutoka Tanzania chini ya mpango unaoitwa wa hiari. Mwisho wa 2021 kambi ya Mtendeli ikafungwa. Kila aliyebaki anajua upepo unavumia wapi. Katika faili moja mama huyu alisema, katikati ya Kirundi, maneno mawili: "Banyanditse hiari." Wameniandika hiari.

Kirundi kina maneno yake ya kusema mtu ametaka mwenyewe. Hakuyatumia. Alichukua neno la Kiswahili akaliweka kama linavyowekwa jina la foleni, au la dirisha la ofisi. Kama vile mtu angesema wameniandika namba. Nilirudisha sauti nyuma mara nyingi kuhakikisha sijaongeza kitu kwa hamu yangu. Sauti yake haikuwa na hasira wala kejeli, alikuwa anataja orodha aliyomo, kisha akaendelea kuongelea maharage.

Rasimu ya Kiingereza iliyotoka kwa mhariri ilisema, kwa tafsiri yangu, kwamba amejiandikisha kurudi nyumbani kwa hiari. Ni sentensi safi, na makosa yake yote ni madogo madogo: "amejiandikisha" badala ya "wameniandika", "kurudi nyumbani" ambako hakukutaja, "kwa hiari" badala ya "hiari". Nikaandika kupinga. Mhariri, mtu mwema na mwenye subira, akajibu kwamba msomaji hataelewa, na kwamba tukiacha neno la Kiswahili kwenye nukuu itaonekana tunamwekea mama maneno ya kejeli. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mimi pia sikutaka kumtengenezea mama huyu ushujaa ambao hakuomba, halafu mtu akaja kumuuliza pale kambini. Tuliandikiana siku tatu. Nilishikilia kwamba tuandike alichosema, kama alivyosema, na kwamba msomaji wa London au Vienna si mtoto. Mwishowe nukuu ikatoka hivi: wameniandika "hiari", na mstari mmoja wa maelezo. Nafasi haikutosha kwa maharage.

Kuna maneno mawili mengine ninayoyatega masikio tangu hapo. Kirundi kinatofautisha *gutaha* na *gutahuka*. La kwanza ni la jioni: mtu ametoka shambani anakwenda kwake. La pili ni la mkimbizi, kurejea nchini baada ya uhamisho. Kiswahili kinayamezea yote kwenye kurudi, na Kiingereza hivyo hivyo. Wasimuliaji wangu wanachagua kati ya hayo mawili bila kujua kwamba wanachagua, na mara nyingi mtu anayesema *gutahuka* kuhusu Burundi, dakika chache baadaye anasema *gutaha* kuhusu banda lake la Nduta.

Mama yule aliondoka na msafara mwezi wa nane. Namba yake ya Tanzania ikazimika, mwenzangu akaniambia ndivyo inavyokuwa. Kama wiki sita baadaye mwenzangu akanitumia faili fupi iliyotoka kwenye namba ya Burundi, sekunde kumi na moja. Kuna upepo, kuna mtoto anaita mtu. "Mwakeye, mwananje. Naratashe." Ametaha, alitumia lile la jioni. Labda ndiko kwake kweli, labda alikuwa amechoka tu na neno fupi likaja lenyewe, labda alikuwa na mtu karibu.

Kwenye jedwali letu kuna safu ya hali ya msimuliaji, na unachagua kwenye orodha: yupo kambini, amehamishwa, amerejea kwa hiari, hajulikani alipo. Nimemwandikia mhariri kuomba tuongeze chaguo la tano, nikapendekeza na jina lake. Amesema atalipeleka kwenye kikao cha Jumatano. Sekunde zile kumi na moja hazikufika dakika, kwa hiyo sikuzijaza kwenye malipo. Mama naye amenitumia bei ya bati, geji 28, na anataka jibu kabla mvua hazijachanganya.